UCHUNGUZI WA MARADHI KATIKA NCHI YA UHA

Mara nyingi watu wa vijijini huuliza habari za wale wanaofika kwao na daftari na chupa ndogo za kutilia damu. Husema: Watu hawa wataka nini kwetu? Mbona waulizia hesabu ya watoto wetu, na maji tunayoteka, na hata mambo ya ndani ya nyumba? Swali hilo ni la haki, wala haifai kumkasirikia anayeliuliza. Leo twataka kulijibu kwa habari za nchi ya Uha, yaani Kasulu na Kibondo, na mahali paitwapo Nyarugusu, kwa sababu nchi hii imechunguzwa kwa muda wa miaka karibu mia, na mambo yaliyoonekana humo yafaa kujulikana na kila mtu, mwenyeji na mgeni.

Uchunguzi si jambo geni kwetu. Mwenye ng'ombe akiona mnyama wake amekonda, hutazama malisho, hutazama maji, humwuliza jirani kama ng'ombe zake nazo zimekonda. Kisha hubadili jambo moja tu na kungoja aone kama mnyama atanenepa. Huo ndio uchunguzi. Uchunguzi wa waganga watofautiana na huo kwa jambo hili: wao huandika kila waonalo, huhesabu, na kuwalinganisha waliopata dawa na wasioipata, ili mtu mwingine apate kuyapima maneno yao na kuyakataa kama si kweli.

Tutaeleza habari za malale, na za kipindupindu, na za watoto waliofichwa ili wasiuawe. Ni habari mbalimbali, lakini zafanana kwa jambo moja. Kila mara hatari ilipofika, watu walikusanywa mahali pamoja ili walindwe. Kukusanya watu kuna faida yake na hasara yake, na uchunguzi wa kweli sharti uzitazame zote mbili.

MALALE

Malale ni ugonjwa unaoletwa na mbung'o, nzi yule anayekaa katika misitu ya miombo na kuuma mchana. Akimnyonya mnyama wa porini mwenye vidudu vya malale katika damu, vidudu vile hukua na kuzaana ndani ya mwili wa nzi. Na baada ya majuma machache nzi huyo aweza kumtia mtu ugonjwa kwa kumwuma mara moja tu. Daktari Kleine alionyesha mwaka wa 1909, nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, kwamba vidudu hukua hivyo ndani ya mbung'o. Tena mwaka wa 1958 huko Nyanza, nchi ya Kenya, vidudu vilivyotolewa katika damu ya pongo vilithibitika kuwa vyaweza kumwambukiza mtu.

Mtu aliyeumwa huvimba mahali pale, kisha hushikwa na homa na maumivu ya kichwa, na tezi zake huvimba. Baadaye ugonjwa huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, maneno yake huchanganyika, na asipotibiwa hufa. Malale ya nchi za miombo huua upesi, mara nyingi kwa miezi michache tu.

Mwaka wa 1922 malale yalionekana huko Maswa, na Daktari Maclean akapewa kazi ya kuyachunguza katika Tanganyika. Aliona kwamba wagonjwa wengi ni watu wanaokaa wachache wachache porini, kila jamaa katika uwazi wake mdogo, na wale ambao kazi zao huwapeleka msituni, kama warina asali na wawindaji. Lakini mahali mashamba yalipogusana, mbung'o hakupata kivuli cha kukaa, na ugonjwa ulipungua. Basi akashauri watu wakusanywe katika vijiji vikubwa, wafyeke pori pamoja, na mashamba yao yaungane.

Katika Uha kazi hiyo ilianza mwaka wa 1933. Maelfu ya watu waliamriwa kuhama. Faida zake zilikuwapo: wagonjwa walionekana mapema, nao wakapata dawa karibu. Lakini waliohama waliacha migomba yao, na mizinga yao, na makaburi ya wazee wao. Wala wengi hawakuulizwa kwanza ni udongo gani unaofaa, wala ni mto gani usiokauka. Na nchi iliyoachwa haikubaki shamba. Ilirudi kuwa pori, na pori ni makao ya wanyama na ya mbung'o.

Miaka mingi baadaye wachunguzi wengine waliitazama habari hii upya. Mwaka wa 1971 Bwana John Ford, ambaye alifanya kazi ya mbung'o miaka mingi katika Afrika, alitoa kitabu akaeleza kwamba wenyeji wa zamani walikuwa na njia zao za kukaa na mbung'o bila kuangamizwa naye, kwa kulima, kuchoma nyasi, na kuchagua mahali pa kuchungia. Mwaka wa 1977 Bwana Helge Kjekshus akaandika mambo yanayokaribiana na hayo juu ya nchi yetu. Walionyesha jinsi sotoka ya miaka ya 1890 ilivyoua ng'ombe, na vita na njaa zikawaondoa watu, hata pori likasonga mbele mahali palipokuwa wazi. Maana yake ni kwamba elimu juu ya mbung'o ilikuwako vijijini siku zote, lakini waliotoa amri hawakuiuliza.

Habari ya dawa nayo ina somo lake. Mwaka wa 1906 na 1907 Daktari Robert Koch, mganga mwenye sifa kubwa, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese huko Uganda kwa dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake, ambayo ni sumu. Baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa. Baadaye ilipatikana dawa nyingine yenye aseniki, melasoproli, kwa ajili ya wale ambao ugonjwa umefika katika ubongo. Iliwaponya wengi, lakini yenyewe iliua wagonjwa kiasi cha 5 katika kila 100 waliotibiwa. Watu walidungwa dawa hiyo kwa miaka mingi kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Hata mwaka wa 2023 wakubwa wa dawa wa Ulaya walikubali dawa ya vidonge vya kumeza, iitwayo feksinidazoli, itumike kwa malale ya aina hii ya kwetu. Dawa hiyo ilikuwa imejaribiwa katika hospitali za Rumphi nchini Malawi na Lwala nchini Uganda. Kwa dawa hiyo, ambaye zamani angalidungwa aseniki, sasa aweza kumeza vidonge. Vidonge hivyo visingalipatikana kama wagonjwa wa huko wasingalikubali kuandikwa majina, kupimwa na kuangaliwa tena mwezi hata mwezi. Hii ndiyo sababu moja ya zile chupa ndogo za damu.

KIPINDUPINDU

Ugonjwa wa pili hauhitaji nzi wala mnyama. Huja katika maji na chakula kilichochafuliwa na mavi ya mgonjwa, nao waweza kumwua mtu mzima kwa muda wa saa chache, kwa sababu maji yote ya mwili hutoka kwa kuharisha na kutapika.

Katika pwani yetu alikuwako mchunguzi mmoja wa kipindupindu zamani sana, Daktari James Christie wa Unguja. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka wa 1869 na 1870 na kuua maelfu ya watu, waganga wengi hawakujua bado kidudu chake. Christie alikwenda kuwauliza mabaharia, na wafanyabiashara, na wakuu wa misafara, mji kwa mji na mwezi kwa mwezi. Kwa maneno yao alionyesha jinsi ugonjwa ulivyoshuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai hata Pangani, kisha Unguja, na tena ukaingia bara kwa njia za misafara. Aliyaandika hayo katika kitabu mwaka wa 1876. Kazi yake kubwa ilifanyika kwa kuwasikiliza watu waliosafiri.

Sasa tuje Nyarugusu. Kambi hii iliyo katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Mwaka wa 2015 machafuko yalitokea Burundi, na watu makumi ya maelfu wakavuka mpaka. Wengi walifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali. Watu walilala ufukoni, wakanywa maji ya ziwa, na vyoo havikutosha. Mwezi wa Mei kipindupindu kikatokea. Meli ya Liemba iliwachukua watu mpaka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Nyarugusu. Kabla ya mwezi kwisha watu zaidi ya 4,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 30 wamekufa. Katika waliokufa walikuwamo wakimbizi na wenyeji, maana ugonjwa hauulizi mtu ni wa kabila gani wala ana cheti gani.

Kwa nini waliougua walikuwa wengi hivyo, na waliokufa wakawa wachache kuliko zamani za Christie? Jibu lake limetoka katika kambi nyingine ya wakimbizi, mbali sana na hapa. Mwaka wa 1971 watu wengi walikimbia vita ya Bangladesh, wakaingia India, na kipindupindu kikawapata. Huko Bangaon Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dawa ya maji ya kutia katika mshipa. Akachanganya sukari na chumvi katika maji safi, akawapa jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao. Kabla ya hapo wagonjwa kiasi cha 30 katika kila 100 walikuwa wakifa; wale walionyweshwa walikufa chini ya 4 katika 100. Madaktari wengi wa wakati ule hawakusadiki kwamba akina mama na akina baba wasio na shule waweza kufanya kazi hiyo. Hesabu iliwashinda wakasadiki.

Twaandika kipimo chake hapa, na walimu wawafundishe watoto: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Chumvi ikizidi hudhuru, basi kipimo kishikwe sawasawa.

Tena mwaka ule ule wa 2015 watu wa kambini walipewa chanjo ya kunywa. Chanjo ya namna hiyo ilikuwa imechunguzwa Unguja na Pemba tangu mwaka wa 2009. Huko, watu karibu nusu ya walioitwa walikunywa vipimo vyote viwili. Walipohesabiwa baadaye, ilionekana kwamba chanjo ilizuia ugonjwa kwa kiasi cha 79 katika 100. Lakini lilionekana na jambo la pili ambalo twaomba msomaji alishike: katika mitaa ambako wengi walichanjwa, hata wale wasiochanjwa waliugua kwa uchache. Kinga ya jirani yako ni kinga yako. Kwa hiyo anayesema, Hao ni wageni, chanjo yao haituhusu, hajui kwamba kijito kinachopita kambini ndicho kinachopita chini ya kijiji chake.

MAUMIVU YASIYOONEKANA

Watu wakikaa kambini miaka mingi, huzuka maradhi mengine ambayo hayana kidudu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 1998 iliwataka wakimbizi wakae mahali walipopangiwa, wasitoke bila kibali. Mtu mzima asiye na shamba wala kazi, aliyeona vita kwa macho yake, huweza kujaa uchungu. Na mara nyingi uchungu huo humwangukia mke nyumbani.

Baada ya mwaka wa 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya uchunguzi Nyarugusu, wakauita Nguvu. Walishiriki wanawake wa Kongo zaidi ya 300 waliokuwa wamepigwa au kuteswa na waume zao, na ambao mioyo yao ilikuwa imelemewa. Katika vikundi vyao walifundishwa jinsi ya kuyapima mawazo yanayowalemea, na kufanya mashauri ya usalama wao. Na waliowafundisha walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalionyesha kwamba kazi ya namna hii yawezekana kambini, na kwamba wanawake wenyewe waliikubali. Hatusemi kwamba imemaliza dhuluma. Lakini yafaa kusema kwamba kabla ya hapo watu wengi walidhani mambo haya hayawezi kuulizwa kabisa. Yaliweza kuulizwa, kwa kuwa yaliulizwa kwa siri na kwa heshima.

WATOTO WA KABANGA

Habari ya mwisho ni ya watu wenye ualbino. Neno la zamani waliloitwa linawadharau, wala hatutaliandika. Ualbino si laana, wala si jini, wala mama hakukosa. Ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Kila mtu hupokea mbegu ya rangi kutoka kwa baba na kwa mama. Mwenye mbegu moja iliyopungua huwa na rangi kama watu wote, wala hajui kwamba anayo. Lakini wakikutana baba na mama ambao kila mmoja anayo, basi kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja katika nne ya kupokea mbegu mbili zilizopungua, naye atazaliwa na ualbino. Mwaka wa 1995 wachunguzi walionyesha mahali penyewe mbegu hiyo ilipokatika kwa watu wengi wa Tanzania. Basi mtoto huyu ni wa baba yake kabisa, na mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amdhulumu.

Ngozi isiyo na rangi haina kinga ya jua. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1985 huko Dar es Salaam ulionyesha kwamba jua huanza kuiharibu tangu mwaka wa kwanza wa mtoto, na baadaye huleta saratani. Kwa hiyo apewe kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua; na mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua kali, maana macho yake hayaoni mbali.

Lakini katika miaka ya baada ya 2006 ulitokea uovu mkubwa. Watu waliosadiki uongo kwamba viungo vya watu hawa huleta mali waliwaua na kuwakata, hasa katika nchi za kando ya Ziwa Victoria. Watoto wengi walikimbizwa wakawekwa mahali pa salama, na mahali pamoja pa namna hiyo ni Kabanga, karibu na Kasulu. Huko maisha yao yaliokolewa. Lakini mtoto aliyekaa miaka bila kumwona mama yake hupotewa na lugha ya kwao, na shamba la kwao, na jina lake katika ukoo. Mwaka wa 2017 Bi Ikponwosa Ero, mjumbe wa Umoja wa Mataifa kwa mambo ya watu wenye ualbino, alifika Tanzania, na kurudishwa kwa watoto kwa jamaa zao kulikuwa moja katika mambo yaliyoangaliwa.

Hapa daktari hawezi kufanya kazi peke yake. Aweza kueleza mbegu na jua, lakini kijiji ndicho kinachojua kama mtoto akirudi atalala salama.

YAFAAYO KUFANYWA

Tumeona basi kwamba boma lenye kinga sharti liwe na mlango. Kijiji cha malale, kambi ya wakimbizi, nyumba ya watoto: kila kimoja kiliokoa watu, na kila kimoja kilidhuru pale wenye kukaa ndani waliposahauliwa kuulizwa. Kwa hiyo twawashauri wakuu wa vijiji, walimu na wasomaji wote mambo haya.

Kwanza, mchunguzi akifika, aulizwe kibali chake. Hapa Tanzania uchunguzi wa maradhi ya watu hauwezi kufanywa bila ruhusa, na mchunguzi mwema hufurahi kuonyesha karatasi zake.

Pili, mkuu wa kijiji aweza kumkaribisha mchunguzi, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mtu mwingine. Kila mtu ajibu mwenyewe, na mzazi kwa mtoto wake. Anayekataa asinyimwe dawa yake ya kila siku.

Tatu, watu wote wahesabiwe. Asiachwe mjane anayekaa pembezoni, wala kiwete, wala mwenye ualbino, wala mkimbizi. Aliyefichwa na jamaa zake hakuingia katika hesabu, na asiyeingia katika hesabu hatapelekewa dawa.

Nne, watu waseme wayajuayo. Mrina asali ajua mbung'o walipo kuliko ramani. Mama ateka maji ajua kisima kinachonuka baada ya mvua.

Tano, mchunguzi aambiwe kabla hajaondoka: Utakapopata jibu, rudi utuambie. Na barua ya jibu ikifika, mwalimu aisome kwa sauti siku ya mkutano, mbele ya watu wote, kwa lugha wanayoisikia. Hiyo ni haki ya mtu aliyetoa damu yake.